Duka limefungwa, tovuti je?

Jioni moja Brussels nilikaa na mtoto wa dada yangu ndani ya Galerie d'Ixelles, ule ujia wa maduka na saluni za Wakongo katika mtaa wa Matonge. Wenye maduka walikuwa wanashusha milango ya chuma na kuzijaribu kufuli mara mbili. Kijana, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti, akacheka: "Mjomba, duka linafungwa, lakini tovuti inabaki wazi usiku kucha."

Akanionesha kwenye tovuti yake ya majaribio. Mteja wa nambari 41 amefungua risiti yake. Akaibadilisha nambari juu ya ukurasa ikawa 42, mara ikafunguka ya mtu mwingine, pamoja na nakala ya pasi. Hakuvunja kitu. Skripti, yaani zile amri zinazoiendesha tovuti, iliombwa ikatoa, maana aliyeiandika hakuiamuru iulize kwanza: wewe nani, na karatasi hii ni yako?

Mie nimesomesha sekondari ya misheni. Ripoti ya mtoto hatukumpa kila anayeijua nambari yake ya daftari. Tulimtaka mzazi, tukamjua, ndipo tukatoa.

Wakubwa nao yamewafika. Mwaka 2018 wadukuzi waliibadilisha skripti ya tovuti ya British Airways, kadi za wateja zikawa zinanakiliwa wakati wa kulipa. Mwaka 2020 shirika hilo likatozwa faini ya pauni milioni 20 Uingereza.

Sisi wa Muscat, Dubai na Doha kila siku tunapeleka pasi za watoto kwa mawakala wa safari. Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Sultani 6/2022. Sheria ni nzuri, lakini humkuta mwizi keshapita.

Mtasema duka dogo halina pesa za wataalamu. Sawa, lakini kuiamuru skripti imuulize kila anayeomba, kutoliacha neno la siri kwenye faili linalosomeka na watu, na kufuta pasi iliyokwisha kazi, hayo hayahitaji utajiri. Asiyeyaweza asikusanye pasi za watu. Hiyo ni amana, bwana.

Nasi wateja tuulize. Nimemwandikia wakala wangu aifute pasi yangu ya safari ya mwaka jana. Bado nangoja jibu.