Hisani ya Miguu
Katika viungo vyote alivyojaaliwa mwanadamu, hapana kinachotumika sana na kuangaliwa kidogo kama mguu, ambao tangu kifundoni hata ncha za vidole umeungwa kwa mifupa 26, hata miguu miwili ikachukua kadiri ya robo ya mifupa 206 ya mwili mzima, nayo hutubeba sokoni na shambani bila ya kudai ujira. Uso hupata kioo na wanja. Mguu, isipokuwa siku ya arusi unapopakwa hina, hupata vumbi. Naipenda mno ada ya mwenye kutawadha, apitishaye kidole cha mkono baina ya vidole vya mguu mpaka maji yafike kila upenyo, kwani hapo huijua hali ya mguu wake. Na kwa mwenye kisukari, ambaye ganzi yaweza kumficha mwiba au lengelenge hata likawa donda ndugu, mkono hung'amua ambalo wayo haukuhisi. Na azitazame nyayo zake kila jioni penye mwanga, azikaushe vema, na ikiwa mgongo haumruhusu kuinama, mjukuu na amtazamie.