Ndege Huyu Si Mgeni

Leo nina neno moja tu, na najua watu wa Bayolojia mtanirukia: tuache kuwaita ndege wanaohama "wageni kutoka Ulaya".

Majuzi nilishinda Ngulia, kule Tsavo Magharibi, nikiwatazama wanaowavisha ndege pete. Kazi hiyo ilianza 1969. Usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda, ndege wanaopita juu wakielekea kusini hupotewa na njia, wakazifuata taa za hoteli. Kukipambazuka wako nyavuni. Wanatolewa polepole, wanatiwa kwenye vifuko vya kitambaa, wanavishwa pete yenye namba mguuni, wanapimwa bawa na uzito, kisha kwaheri! Zaidi ya nusu milioni wameshavishwa pete hapo.

Wengi ni kadege ka rangi ya majani makavu, Acrocephalus palustris. Jamani, gramu 12 hivi! Vijiko vitatu vya chai vya sukari. Na hako kamevuka Bahari ya Shamu.

Sasa sikilizeni. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwachunguza ndege hawa Ubelgiji, akachapisha matokeo 1979. Dume mmoja huiga sauti za aina 76 hivi za ndege wengine, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika! Yaani anamwimbia mchumba wake Ulaya kwa nyimbo alizojifunza huku kwetu. Shule yake iko hapa.

Mtasema, "Lakini anataga mayai Ulaya." Sawa, ila huko hukaa miezi miwili mitatu tu. Muda uliobaki yuko njiani au Afrika. Mtoto akizaliwa hospitali ya Nakuru, akakulia na kusomea Kitui, kwao ni wapi?

Kwa nini nalishupalia? Kwa sababu sisi ndio walimu wa kesho, na neno "mgeni" lina madhara. Mgeni ana wenyewe, nao ndio wa kumlinda. Basi tukifyeka vichaka anavyotegemea, tunaona hasara ni ya watu wa mbali. Hapana, hasara ni yetu.

Kwa hiyo mkienda mazoezi ya kufundisha, mkifika somo la uhamaji, msianzishe mshale Ulaya kama kitabu kinavyofanya. Uanzisheni hapa, uende Ulaya, urudi nyumbani. Halafu waulizeni wanafunzi: vichaka vyake vya hapa ni jukumu la nani?