Harusi ya Kiyahudi si Hava Nagila tu

Jamani, tuache uvivu. Filamu ikionyesha harusi ya Kiyahudi, utasikia Hava Nagila, maharusi wananyanyuliwa juu wakiwa vitini, basi, eti tumeelewa: ni nyimbo za kurukaruka. Na maneno ya wimbo wenyewe ni ya juzi tu, yalitungwa Yerusalemu karne ya 20.

Hebu sikiliza Od Yishama. Maneno yake yanatoka Yeremia 33. Nabii yuko kifungoni, Wababeli wameuzingira mji, naye anatangaza kwamba sauti za bwana harusi na bibi harusi zitasikika tena kwenye mitaa iliyogeuka magofu. Habari hiyohiyo imo katika zile baraka saba za ndoa. Kisha bwana harusi anavunja glasi kwa mguu, kukumbuka Hekalu lililobomolewa, na wengi huimba sehemu ya Zaburi 137: kiapo cha watu wa uhamishoni kwamba hawataisahau Yerusalemu.

Sasa niambie, hiyo ni burudani tu? Wanaoimba hivyo hawajasahau msiba. Wanakataa tu msiba uwanyime harusi. Mwandishi anayeishia kwenye kucheza ameandika nusu ya habari.