Bazuka Haikuokotwa Jalalani

Iko hadithi moja inayopendwa sana na waandishi wa mambo ya vita. Husimuliwa kwamba mwaka 1942 luteni kijana wa jeshi la Marekani, Edward Uhl, alipita kando ya rundo la vyuma chakavu, akaona bomba la kipenyo cha milimita 60, akalichukua, na bazuka ikazaliwa. Hadithi ni tamu, na bomba hilo lilikuwapo kweli. Lakini msimulizi anayeishia hapo anawasafisha watu wasiostahili kusafishwa. Silaha hiyo ilitoka kabatini, ambamo wakubwa walikuwa wameifungia kwa muda wa miaka 24.

Ndugu msomaji, turudi nyuma hadi Novemba 1918. Robert Goddard, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Clark, pamoja na msaidizi wake Clarence Hickman, walikwenda kwenye uwanja wa majaribio wa Aberdeen, katika jimbo la Maryland, kuwaonyesha maofisa wa jeshi roketi zinazofyatuliwa kutoka katika bomba jepesi. Bomba waliliegemeza juu ya kisimamio cha kuwekea karatasi za muziki, ili kila mwenye macho aone kwamba silaha hiyo haimpigi teke mpigaji wake. Maofisa waliridhika. Siku chache baadaye, tarehe 11 Novemba, vita vikasimama huko Ulaya, na jalada likarudishwa masjala.

Watetezi wa wakubwa wale husema ati roketi ya Goddard isingeweza kutoboa deraya ya kifaru. Ni kweli, nami sikatai. Mzinga wa kawaida hutoboa chuma kwa kasi ya risasi yake, ndiyo maana hapana budi uwe mzito na ukokotwe kwa gari. Kombora la kupigwa begani huenda polepole. Lakini dawa ya udhaifu huo ilikuwa tayari katika nchi ile ile, tena mikononi mwa serikali ile ile! Mwaka 1888 mkemia Charles Munroe, akiwa katika kituo cha jeshi la majini huko Newport, aliona kwamba herufi zilizochongwa kwenye bonge la baruti zilijichapa juu ya bamba la chuma baruti ilipolipuka. Akatambua kuwa baruti yenye shimo usoni huchimba chuma kuliko baruti isiyo na shimo. Shimo hilo likifanywa kama faneli na kutandikwa bati jembamba ndani yake, mlipuko hulikamua bati likawa mchirizi wa kasi ya ajabu, ambao hupenya deraya bila kujali kombora lilifika kwa mwendo gani.

Basi, nusu moja ya silaha ilikuwa katika majalada ya jeshi la majini na nusu ya pili katika majalada ya jeshi la nchi kavu. Hakuna aliyetumwa kuzikutanisha. Ilipasa aje Mswisi, Henry Mohaupt, na ufundi wake wa baruti yenye shimo, ndipo Wamarekani wakawa na guruneti ya kutoboa vifaru. Nayo ilikuwa nzito mno kurushwa kwa bunduki. Ndipo Leslie Skinner na Uhl walipoifunga kwenye roketi. Hickman naye alikuwa amerejea kwenye kazi ya roketi tangu mwaka 1940, baada ya kuwakumbusha wenye mamlaka yale waliyoyaona Aberdeen. Mei 1942, katika uwanja ule ule wa Aberdeen, kifaru kikapigwa mbele ya majenerali. Kampuni ya General Electric ikatakiwa itengeneze bazuka 5,000 kwa siku 30, ikazitengeneza. Jambo lililoshindikana kwa miaka 24 lilitimia kwa mwezi mmoja!

(Sisi wa magazeti tusijione watakatifu. Januari 1920 New York Times ilimdhihaki Goddard kwamba hajui hata mambo yanayofundishwa shuleni. Ilijisahihisha Julai 1969, wanaanga wakiwa njiani kwenda mwezini, na Goddard akiwa kaburini tangu mwaka 1945.)

Kosa la mwaka 1918 mtu aweza kulisamehe. Vifaru vya adui vilikuwa haba, na ulimwengu ulikuwa umechoka na vita. Lisilosameheka ni la pili. Wajerumani waliziteka bazuka, wakaiga, na kufikia mwaka 1943 walikuwa na ya kwao ya milimita 88. Wamarekani wenyewe wakabuni bazuka kubwa ya milimita 89. Vita vilipokwisha mwaka 1945, masjala ikafunguliwa tena. Ikaambiwa hakuna fedha, hakuna haraka, adui hayupo.

Tarehe 5 Julai 1950, karibu na Osan nchini Korea, askari wapatao 540 wa Marekani walipangwa kuzuia vifaru 33 aina ya T-34, wakiwa na bazuka ndogo za zamani. Luteni Ollie Connor alivipiga vifaru hivyo kutoka nyuma, umbali wa hatua chache, makombora 22. Vikaendelea na safari. Zaidi ya watu 150 wa kikosi hicho waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Siku tatu baadaye, huko Cheonan, Kanali Robert Martin aliishika mwenyewe bazuka hiyo hiyo ndogo, akauawa na kifaru alichokuwa akikilenga.

Hapo fedha zikapatikana. Bazuka kubwa zikapakiwa kwenye ndege kutoka Marekani, na ilipofika tarehe 20 Julai zilikuwa zinavichoma vifaru katika mitaa ya Taejon. Jenerali William Dean, mkuu wa divisheni nzima, alizunguka mitaani humo na askari wachache akiwinda vifaru, kazi ya koplo, na kimoja wakakiteketeza. Mji ukatekwa usiku ule. Jenerali akapotea milimani, akakamatwa tarehe 25 Agosti, akakaa kifungoni hadi Septemba 1953.