Faharasa ya Maana au Faharasa ya Mazoea? Mashine na Matini za Pwani ya Kusini

Pana dai linalozidi kupata wafuasi katika idara za fasihi na maktaba za vyuo vikuu, nalo ni kwamba kazi ya kuorodhesha matini kwa maana zake sasa yaweza kuachiwa kompyuta. Wenye dai hilo husema: zipigwe picha hati zote, yanakiliwe masimulizi yote yaliyorekodiwa, mashine iyasome, kisha mtafiti aulize kwa maneno yake mwenyewe. Matini zenye maana inayokaribiana na swali zitajileta, hata kama hazina neno moja la swali hilo. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa upande wa matini za Kwale, tangu Diani na Msambweni hadi Wasini na Vanga. Hayapingi chombo chenyewe. Yanapinga imani kwamba chombo hicho kinaijua maana.

Ni vyema kwanza ieleweke chombo kinavyofanya kazi. Msingi wake ni mtazamo ulioelezwa na mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth mwaka 1957, kwamba maana ya neno itafutwe katika mazoea ya kutumika kwake pamoja na maneno mengine. Mwaka 1990 Deerwester na wenzake walionyesha jinsi hesabu za maneno yanayotokea pamoja zinavyoweza kupanga hati kwa ukaribu wa maana. Mwaka 2013 Mikolov na wenzake walitoa njia ya kuliwakilisha kila neno kwa safu ya namba zilizojifunzwa kutokana na maandishi mengi mno. Na tangu 2018 modeli za aina ya BERT hulipa neno moja namba tofauti kulingana na muktadha wake. Namba za matini mbili zikikaribiana, mashine huzihesabu matini hizo kuwa jirani kwa maana. Kumbe kinachoitwa maana hapa ni kumbukumbu ya mazoea ya maandishi ambayo mashine ilifundishiwa. Swali la mhakiki, basi, ni moja tu: mazoea ya nani?

Kwa Kiswahili, mazoea hayo ni hasa ya magazeti, tovuti, vitabu vya dini na nyaraka za serikali, na mengi yao ni ya Kiswahili Sanifu, kile ambacho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikijenga juu ya Kiunguja. Kivumba cha Vanga na Wasini hakimo, au kimo kwa chembe. Kichifundi hakimo. Chidigo, ambacho ni lugha kwa haki yake na wala si lahaja ya Kiswahili, kina maandishi machache, na mojawapo ya yaliyo marefu zaidi ni tafsiri ya Agano Jipya, ilhali Wadigo walio wengi ni Waislamu. Mashine itakayojifunza Chidigo humo itajifunza msamiati wa imani ambayo wasemaji wengi wa lugha hiyo hawaifuati.

Na litazamwe neno moja, kaya. Katika Kiswahili cha sensa na cha ripoti za uchumi, kaya ni watu wanaokaa na kula pamoja. Katika magazeti ya Kenya, wazee wa Kaya hutajwa sana majira ya uchaguzi, wanapowatawaza wanasiasa. Katika habari za mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997, jina la Kaya Bombo lilifungamanishwa na viapo na umwagaji damu. Kwa wenyeji wa Kinondo, kaya ni makao ya asili ya wazee wao, msitu wenye miiko, makaburi na maombi. Nayo Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Masimulizi ya mzee wa Kinondo yanaweza basi kupangwa na mashine karibu na takwimu za umaskini, au karibu na taarifa za ghasia.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika Chidigo, kugomba ni kusema. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 2004 inaitwa *Mgombato* kwa mzizi huo huo. Katika Kiswahili, kugomba ni kukaripia, na kugombana ni kuteta. Mashine iliyokulia katika Kiswahili Sanifu ina kila sababu ya kuiweka hadithi ya watu wanaozungumza kwa amani katika fungu la ugomvi.

Watetezi wa chombo hujibu kwamba modeli za leo hutambua muktadha, kwa hiyo neno lenye maana nyingi haliwatishi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Muktadha hutambuliwa pale tu ambapo mfano wake umewahi kuonekana. Neno lisilojulikana hukatwa vipande, na vipande hivyo hupewa ujamaa na maneno ya Sanifu. Tena mashine haitangazi kwamba haijui: huleta jibu kwa mpangilio ule ule nadhifu, na mtafiti aliyeko Nairobi au London asione kilichoachwa nyuma. Katalogi ya zamani iliyokosa hati iliacha pengo lililoonekana; faharasa hii hulifunika pengo.

Isitoshe, fasihi yenyewe ina zahiri na batini. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni, mashairi ya Muyaka bin Haji wa karne ya 19 yasingefahamika leo kama yanavyofahamika bila maelezo ya Mwalimu Sikujua Abdallah, aliyemfafanulia William Taylor maneno, watu na matukio yaliyofumbwa. Hiyo nayo ilikuwa faharasa ya maana, na chimbuko lake lilikuwa mtu aliyejua fumbo lilimlenga nani.

Kwa hivyo yapasa mambo matatu yatangulie. Kila matini ya Kwale itajwe lugha au lahaja yake kabla mashine haijaigusa. Kazi zilizopo, *Mgombato* pamoja na tafiti za H. E. Lambert juu ya Kivumba (1957) na Kichifundi (1958), zitumiwe kufundishia na kusahihishia. Na faharasa ijaribiwe kwa maswali ya wenyeji wa Msambweni na Vanga, wao wakiwa waamuzi wa majibu, wenye kulipwa na kutajwa kama wanavyotajwa wahariri. Idara itakayoruka hatua hizi kwa kutaka wepesi itakuwa imezika sauti za pwani ya kusini mara ya pili, safari hii ndani ya hifadhi iliyojengwa kwa jina la kuziokoa.