Kompyuta Zimefika, Mkutubi Yuko Wapi?

Shule inapokabidhiwa kompyuta katika nchi yetu huwa pana hafla. Mgeni rasmi hukata utepe, picha hupigwa, na mkuu wa shule hutoa shukrani kwa niaba ya wazazi. Magari yakishaondoka hubaki swali ambalo ratiba ya hafla haikuwa na nafasi yake: funguo za chumba kile atazishika nani, naye amefundishwa nini?

Katika shule za Musoma, Bunda na Butiama nilizopata kuzifikia, funguo huishia kwa mwalimu wa maktaba. Nasema mwalimu wa maktaba, wala si mkutubi, kwa sababu mara nyingi huyu ni mwalimu wa Kiswahili au wa Historia mwenye vipindi vyake kamili, ambaye maktaba aliongezewa tu. Bagamoyo, kilipo chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka cha Bodi ya Huduma za Maktaba, hakuwahi kupelekwa. Hana posho ya kazi hiyo wala cheo chake. Hata hivyo ndiye anayetarajiwa kujua mashine ile inafanya nini, na jambo la kushangaza ni kwamba wengi wao wanajifunza kweli.

Nimezungumza na baadhi yao, nikawauliza wanajifunzaje. Hujifunza usiku, kwa simu zao, kwa kifurushi walichonunua kwa mishahara yao. Mmoja alikuwa amepakua vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kitabu kimoja baada ya kingine, akavihifadhi katika kompyuta ya shule ili mtandao ukikatika wanafunzi waendelee kusoma. Mwingine alijifunza kutumia Kiwix, programu inayomwezesha mtu kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili na kuisoma bila intaneti. Mwingine ameacha daftari la kuazimia vitabu na kuandika majina katika jedwali la kompyuta; sasa anajua kitabu gani kimekaa nyumbani kwa mtu tangu mwaka jana. Hakuna mradi uliowaagiza kufanya hayo. Wanaulizana wao kwa wao katika makundi ya WhatsApp, na aliyefaulu jana humwelekeza aliyekwama leo.

Wapo wanaoniambia kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba kijana wa siku hizi anaijua kompyuta kuliko mwalimu wake. Kuibonyeza anaijua. Kupima alichokikuta humo ni kazi nyingine. Chukua mfano ulio karibu na nyumbani. Mwanafunzi wa Butiama ameagizwa kutaja mwaka ambao Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Ukurasa mmoja unamwambia 1963, mwingine 1969. Akili mnemba akiiuliza, huenda ikamchagulia mmoja na kumpa kwa lugha ya kujiamini. Kijana atahitimisha kwamba mojawapo ni uongo, kumbe miaka yote miwili ni sahihi: tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, kisha Mwalimu akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka ule ule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Mkutubi aliyefundishwa atamwonyesha mtoto namna ya kulinganisha kurasa mbili, kisha atamtuma rafuni afungue kitabu chenyewe, ukurasa wa nyuma ya jina, palipoandikwa mwaka wa toleo. Hiyo ndiyo elimu tunayoizungumzia, na haimo ndani ya boksi la kompyuta.

Tukumbuke pia kwamba wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Sina ugomvi na katazo hilo hapa. Ila matokeo yake ni kwamba kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu ya kisasa, au ipo lakini ni ya baba au ya kaka, kompyuta ya maktaba ndiyo dirisha pekee la intaneti alilonalo. Na mlinzi wa dirisha hilo ni mwalimu wetu yule wa usiku.

Hapa nataka kwenda taratibu, maana jambo ni zito. Mkoa wa Mara tunajua Desemba ya mwaka wa ukeketaji inavyokuwa. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilimfanya mtu anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa mhalifu, na bado tunajua kinachoendelea likizo inapokaribia. Sasa mfikirie binti wa kidato cha pili anayeketi mbele ya kompyuta mwezi Novemba, akatafuta sheria inasema nini, au nyumba salama iko wapi, au ampigie nani simu. Mashine inakumbuka. Atakayeketi baada yake akiandika herufi mbili tatu, huenda ataletewa maneno aliyoyaandika binti yule, na huyo anayeketi anaweza kuwa binamu yake. Jioni habari imefika nyumbani.

Kufuta kumbukumbu za utafutaji, au kuipanga mashine isizihifadhi kabisa, ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kwa asiyejua ni siri ya mtoto iliyoachwa mezani. Ndiyo, na jedwali lile la waazimaji ninalolisifu hapo juu linahitaji nywila, kwa sababu orodha ya nani alisoma nini ni taarifa binafsi za watoto. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022. Je, ni mwalimu gani wa maktaba aliyewahi kukalishwa chini akaelezwa kwamba inamhusu?

Hoja ninayokutana nayo kila mara ni kwamba shule hazina walimu wa Hisabati na Fizikia wa kutosha, hivyo kudai mkutubi ni anasa. Naielewa, na aliyewahi kuingia darasa lenye wanafunzi mia moja hawezi kuibeza. Lakini serikali yetu iliwahi kukabili uhaba mkubwa kuliko huu, tena kwa uamuzi uliofikiwa hapa hapa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha shuleni huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na ya redio, wakafanya mtihani, waliofaulu wakapewa cheti na mshahara.

Ubora wa mpango ule umelaumiwa, na lawama nyingine ni za haki. Nisichokiona kikitajwa ni kwamba dola ilikubali kuwa mtu anaweza kujifunza kazi akiwa kazini, ikamwandikisha, ikampima, ikamlipa. Mwalimu wa maktaba wa leo anajifunza vivyo hivyo, akiwa kazini, kwa chombo chenye nguvu kuliko redio. Tofauti ni kwamba hakuna anayemwandikisha wala anayempima, na kifurushi analipa mwenyewe.

Na tumeshaona mwisho wa njia hiyo. Baada ya kampeni za kisomo, zilizoanzia kwa mradi wa majaribio katika mikoa ya Ziwa Victoria kwa msaada wa UNESCO, vijiji vilipewa maktaba ndogo, na kanda hii ikawa na gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Maktaba zile zilitegemea moyo wa mtu mmoja kijijini na posho kidogo. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, vitabu vilichakaa bila kubadilishwa, na moyo nao una kikomo. Waulize wazee wa Bunda maktaba ya kijiji chao ilikuwa wapi, watakuonyesha ghala.

Suala la fedha halinitishi kama linavyowatisha wengine. Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 600 ingepata shilingi milioni 15, na hata tukiondoa nusu kwa ajili ya vitabu, inabaki milioni saba na nusu. Tuseme kifurushi cha maktaba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Hiyo ni 360,000 kwa mwaka, chini ya asilimia tano ya kiasi kilichobaki. Najua wakuu wa shule watanikumbusha chaki, umeme na mlinzi. Nami nawakumbusha kwamba kwa sasa gharama hiyo haijatoweka: inalipwa na mtumishi mmoja, kutoka mfukoni mwake.

Mafunzo nayo yana pa kuanzia. Maktaba ya mkoa ipo Musoma. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere, na chuo kikuu kisichowasaidia walimu wa kata kinamoketi kinajinyima heshima. (Wenzangu wa vyuo vikuu wataniwia radhi, sote tunapenda kuandika maandiko ya miradi kuliko kupanda gari dogo kwenda Makutano.) Wiki mbili za likizo, walimu wa maktaba ishirini, kompyuta zile zile zilizokwisha kugawiwa: upakuaji, uhakiki wa taarifa, ulinzi wa siri za watoto, na namna ya kupanga vitabu vya karatasi na vya mtandao katika orodha moja. Mwishoni wapewe cheti kinachotambuliwa na mwajiri, na wapunguziwe vipindi, hata vinne tu kwa wiki.

Lakini bila ikama hayo yote yatabaki hisani. Nafasi isiyo katika ikama haina mtu wa kuulizwa inapokuwa wazi. Mwalimu yule akihamishiwa Rorya kesho, vitabu alivyopakua vitabaki katika mashine ambayo nywila yake ameondoka nayo kichwani. Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama watakapoketi kujadili makisio ya mwaka ujao, nitaiomba nakala na kuisoma kurasa za elimu mstari kwa mstari, nikitafuta neno moja: mkutubi.