Mzazi wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, usisubiri meseji ya mdai

Vyuo vinafunguliwa, na msimu wa meseji hizi ndio huu: "Habari. Ndugu yako amekuweka mdhamini wa mkopo na amekataa kulipa. Mwambie alipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo picha yake tunaisambaza kuwa ni tapeli." Anayeisoma ni mama aliye gengeni kwake, hajawahi kumdhamini mtu, wala hajui kama mwanawe amekopa. Akiinua simu ampigie kijana, shangazi mtu naye anapiga kuuliza kulikoni. Mchungaji kaipata. Fundi cherehani wa mtaani kaipata pia.

Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi programu nyingi za mikopo ya mtandaoni. Mwanafunzi anaipakua kwenye simu, inamwomba ruhusa ya kusoma majina aliyoyahifadhi, picha na meseji zake, naye anabonyeza "kubali" mara tatu bila kusoma. Dakika kumi baadaye hela imeingia. Ameomba 50,000, mkononi inafika labda 35,000 kwa kuwa "ada ya huduma" imekatwa mapema, na baada ya siku saba anatakiwa arudishe 50,000 kamili. Akishindwa, programu ya pili inamkopesha alipe ya kwanza, na ya tatu inamkopesha alipe ya pili. Dhamana ya mkopo ni aibu yenu nyumbani, na ndiyo maana majina yalisombwa kabla hela haijatoka.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wazazi wengi waliisikia habari ile wakadhani imekwisha. Lakini jina la programu hubadilishwa kwa siku moja, na kijana wa miaka 19 hatafuti leseni ya mtu anapodaiwa kodi.

Kodi ndiyo yenyewe. Mwaka wa kwanza anafika chuoni na begi, godoro na nauli iliyobaki. Hosteli zimejaa, kwa hiyo ama anabebana na mwenzake kitanda kimoja, ama anatafuta geto nje ya chuo, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Bumu, yaani posho ya mkopo wa serikali, halijatoka. Pengine jina lake halikuwemo awamu ya kwanza ya Bodi ya Mikopo, anasubiri ya pili, au anasubiri dirisha la rufaa. Hata aliyepata, kuna usajili wa kukamilisha na kusaini kabla hela haijaingia benki. Katikati ya kufika chuoni na kusaini bumu kuna wiki ambazo hakuna anayezipangia bajeti, na wakopeshaji wanazijua kuliko sisi.

Halafu kuna hili la kusema "si unapata mkopo wa serikali?" Kiwango kamili cha posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Bumu la siku 60 ni 600,000, na ukimwona kijana anaishika kwa mara ya kwanza maishani unaweza kudhani ametajirika. Toa kodi, toa chakula mara tatu kwa siku, toa fotokopi na bando. Wapo pia wanaotumiwa meseji na nyumbani: mdogo wako hana viatu vya shule, tusaidie kidogo. Anatuma, kwa sababu amelelewa vizuri, kisha anafungua programu. (Kubeti nako kumo, tusijidanganye, lakini si kila mdaiwa ni mchezaji.)

Basi wiki hii, kabla hajapanda basi, kaeni naye mezani na kalamu. Aseme kodi ni kiasi gani, chakula ni kiasi gani, na bumu likichelewa mwezi mzima ataishije. Kama hamna uwezo wa kumpa fungu zima, mwambieni wazi mna kiasi gani, kuliko kuahidi "tutaona" halafu simu zisipokelewe. Mtajieni mtu mmoja wa ukoo, mjomba au dada mkubwa, ambaye kijana anaweza kumwomba hata 20,000 ya chakula bila kuhojiwa kama yuko polisi. Wengi walionaswa walikuwa na ndugu wa kuwasaidia. Walichoogopa ni ile sauti: "Tumekupeleka kusoma au kukopa?"

Mwambieni pia asimwachie mtu kadi ya benki na namba ya siri kama rehani. Mkopeshaji wa kausha damu anayeshika kadi hahitaji mtandao. Anasubiri bumu liingie, anatangulia yeye kwenye mashine.

Meseji ya mdai ikishafika, usilipe kwa namba ya simu uliyotumiwa. Mpigie mtoto kwanza, umuulize anadaiwa na nani, kiasi gani na tangu lini, na usimtukane siku hiyo. Kuna wanaoacha vipindi na kuzima simu wiki nzima kwa fedheha, na njia ya kuelekea kwenye sapu (kurudia mitihani) au kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) huanzia hapo. Piga picha ya kila ujumbe. Matusi na vitisho vipelekeni polisi. Kusambaza taarifa za mtu bila ridhaa kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko hayo. Meseji za kitapeli, zikiwemo za "mwanao kapata ajali, tuma hela ya matibabu", zitumeni kwenda 15040 bila malipo. Kijana naye aende ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi mapema, kabla ya mitihani, akiwa na majina ya wadai wote kwenye karatasi moja.